Nairobi au Dar es Salaam kwa Mwenye Siku Nne

Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat hupata likizo kila mwezi wa Julai, na mwaka huu aliamua kujitengea siku nne za kwake mwenyewe, za kutembea, kula vizuri na kukesha usiku mmoja au miwili, kabla ya kwenda kwa wazee Tanga ambako shughuli za ukoo hazimpi mtu nafasi ya kupumua. Tiketi ya kushukia Nairobi na ile ya kushukia Dar es Salaam zilipishana kidogo tu kwa bei, na kwa kuwa nimeishi miji yote miwili akanipigia kuniuliza ashukie wapi. Jibu nililompa kwenye simu lilikuwa fupi na halikumridhisha. Hili hapa ndilo jibu lenyewe kwa urefu, nami naliandika nikijua kwamba wapo wengi wenye swali lake.

Mimi huilinganisha miji hii kwa saa kabla sijahesabu vivutio vyake. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai mtu huona mvuke ukitoka kinywani anapoongea. Ni mji ambao mazuri yake mengi yanamngoja aliyeamka alfajiri, na baada ya hapo hujifunga kwenye msongamano wa magari na shughuli za ofisi mpaka usiku uingie. Dar es Salaam iko ufukweni, na kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 pamoja na unyevu unaoligandisha shati mgongoni kabla hujafika kituoni. Huo ni mji unaoanza kufunguka saa kumi jioni, upepo wa bahari unapoanza kuvuma na watu wanapotoa viti nje. Anayekwenda Nairobi na kulala hadi saa nne atasema mji hauna kitu, na anayezunguka Dar saa saba mchana akitafuta vivutio atarudi hotelini amekasirika. Wote wawili watakuwa wamekosea saa.

Asubuhi

Kwa asubuhi, Nairobi haina mpinzani Afrika Mashariki nzima. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na iko umbali wa kilomita kama saba tu kutoka katikati ya mji. Lango kuu liko kwenye barabara ya Lang'ata na hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Atakayefika saa tatu atakuwa amepoteza nusu ya alichokilipia, kwa maana jua likishapanda simba hujilaza chini ya vichaka na wanaobaki kuonekana kwa urahisi ni pundamilia, twiga na mbuni. Asubuhi moja ya Agosti nilimkuta kifaru mweusi amesimama kwenye nyasi fupi, masikio yakigeuka huku na huku kama ya mtu mzima anayesikia anasengenywa, na ukungu ulipoanza kuinuka nyuma yake yakajitokeza maghorofa ya Upper Hill, moja baada ya jingine. Tembo humo hawamo, kwa kuwa eneo ni dogo kwao, lakini ipo sehemu inayowahusu: pale Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na ambapo tani 105 nyingine zilichomwa mwaka 2016. Malundo ya majivu yake yanaonekana hadi leo, na watu husimama hapo kimya kuliko wanavyosimama mbele ya simba.

Anayewataka tembo wenyewe atawakuta kwenye kituo cha Sheldrick cha kulelea watoto wa tembo yatima, pembezoni mwa hifadhi hiyo hiyo, ambacho hupokea wageni wa kawaida kwa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi huwekwa mapema kupitia intaneti. Hapa ndipo tabia ya Nairobi inapojionyesha. Karibu kila kitu kizuri kina saa yake, lango lake na malipo yake, na malipo ya hifadhi za serikali hufanywa kwa simu au kadi kupitia mfumo wa eCitizen, kwa hiyo mwenye noti mfukoni hana la kufanya nazo mlangoni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni wa mbali, ila ni lazima aonyeshe pasipoti au kitambulisho. Mdogo wangu, ingawa anaishi Oman, anasafiri kwa pasipoti ya Tanzania, na akiisahau hotelini atalipa kama Mzungu.

Baada ya tembo ni twiga, kwani Kituo cha Twiga kiko Lang'ata pia na ratiba hiyo inaingia katika siku moja bila kukimbizana. Mgeni hupewa kiganja cha chakula kigumu cha vipande vipande, hupanda kwenye jukwaa la mbao lililo sawa na urefu wa kichwa cha twiga, na ghafla unakuja ulimi mrefu wa kijivu cheusi, unaoteleza na kukwaruza kwa wakati mmoja, ukachota vile vipande vyote mkononi bila kugusa kidole. Watoto hulia kwanza, kisha hawataki kuondoka.

Mwenye asubuhi ya pili aende Karura, msitu wa miti ya kiasili na ya kupandwa ulio ndani ya jiji lenyewe, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigana kuunusuru usigawanywe viwanja mwishoni mwa miaka ya 1990. Baiskeli hukodishwa langoni, kuna maporomoko madogo ya maji, na hewa yake saa moja asubuhi ni kitu ambacho mtu wa Dar hawezi kukinunua kwa fedha yoyote akiwa nyumbani.

Dar nayo ina asubuhi moja, nayo ni ya Feri. Soko la samaki lililopo Kivukoni, kando ya kivuko cha Kigamboni, huamka kabla ya jua: mashua zinaingia, samaki wanamwagwa juu ya meza za zege, na mnadishaji anataja bei kwa kasi ambayo mgeni husikia namba za mwisho tu. Wenye mahoteli na akina mama wauza samaki wanasimama bega kwa bega wakinunua changu, kibua, kolekole na jodari. Mtu asiye na jiko hununua samaki wake mmoja au wawili, huwapeleka kwa vijana wanaoparua magamba kwa malipo madogo, kisha huenda upande wa wakaangaji, ambako makarai makubwa ya mafuta yanachemka juu ya moto wa kuni na moshi wake huingia kwenye nguo usitoke hadi zifuliwe. Samaki huyo huliwa kwa mkono, kwa ndimu na pilipili, saa mbili asubuhi, na sijawahi kupata kifungua kinywa kinachomshinda. Viatu viwe vya wazi au vya kuoshwa, kwa sababu sakafu ni maji matupu.

Kutoka Feri unaweza kutembea kwa miguu kandokando ya bandari ukapita kanisa la Azania Front na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili kazi ya enzi ya Wajerumani, hadi kwenye Sanamu ya Askari, kisha ukaingia bustani ya mimea na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Hiyo ni safari ya saa tatu, nayo imalizike kabla ya saa tano.

Mambo pacha ya miji miwili

Msafiri anayependa historia atapata kitu kidogo ambacho vitabu vya utalii hukipita: miji hii miwili ina makovu ya vita vile vile. Sanamu ya Askari ya Dar iliwekwa mwaka 1927 na ile ya Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, mwaka 1928, zote kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, na zote zina maandishi ya Kiswahili. Wapagazi hao, wanaotajwa kwenye sanamu ya Nairobi kuwa miguu na mikono ya jeshi, walikuwa katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo yetu ikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo kule Dar na Kariokor huku Nairobi. Mtu anaweza kula nyama choma Kariokor Jumamosi na kununua kanga Kariakoo Jumatatu, na katika sehemu zote mbili akawa amesimama juu ya jina la watu hao.

Makumbusho nayo yanafanana kwa namna hiyo. Ya Dar yanahifadhi fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na ya Nairobi yana mifupa ya Mvulana wa Turkana iliyopatikana mwaka 1984, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.6. Kwa jengo, mpangilio na maelezo, ya Nairobi yako mbele, tena mbele kwa mbali. Dar hujitetea kwa Kijiji cha Makumbusho, kilichopo barabara ya kuelekea Mwenge, ambako nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na mtu anainama kuingia ndani. Siku ambazo kuna ngoma, mahali hapo hubadilika kabisa.

Jengo la KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Nairobi lililokamilika mwaka 1973, lina urefu wa mita 105, na mtu anayetaka kuiona Nairobi yote kwa mara moja apande juu yake kukiwa na anga safi. Dar haina mahali pa wazi pa namna hiyo, ila ina maji, nayo yatakuja baadaye.

Mezani

Kwenye chakula wenyeji wa miji hii hubishana hadi kununiana, kwa hiyo niseme wazi ninakosimama: kwa nyama Nairobi inashinda, kwa vyote vilivyobaki Dar inashinda, isipokuwa chakula cha Kisomali, ambacho nitakitaja.

Nyama choma ya Nairobi ni ibada yenye taratibu zake. Pale Kenyatta Market au Kariokor mteja husimama mbele ya bucha, huchagua mbavu au mguu wa mbuzi kwa macho yake, huona ukipimwa kwenye mizani, na huulizwa kama anataka yote ichomwe au nusu ichomwe na nusu ikaangwe kwa nyanya na vitunguu. Kisha husubiri, dakika 40 au zaidi, na asiyejua kusubiri asiende. Nyama huletwa juu ya ubao, ikakatwakatwa mbele yako kwa kisu ambacho hakiinuki hadi kimalize, na pembeni huwekwa kilima kidogo cha chumvi, kachumbari na ugali mgumu wa Kikenya unaosimama wenyewe. Hakuna mchuzi wala vikorombwezo, na ladha yote inatokana na moto wa makaa na mafuta ya mbuzi. Nje, kwenye makutano ya barabara, jioni huuzwa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa, ambao Mwislamu hataula na wengine hawataki kuuangalia, lakini wapenzi wake huusubiri kwa foleni.

Eastleigh ndiyo sehemu ambayo Dar haina jibu lake. Ni mtaa wa biashara wa Wasomali, na chakula chake ni wali wenye viungo uliofunikwa na paja la mbuzi, nyama ya ngamia, anjera za asubuhi na chai ya maziwa, vikiambatana na ndizi mbivu iliyowekwa kando ya wali, ambayo mgeni hudhani ni ya kumalizia kumbe huliwa pamoja. Samaki wa Ziwa Victoria aliyekaangwa mzima na kuletwa na ugali na mboga za kienyeji kwenye migahawa ya Kijaluo mjini ni mzuri pia, na vibandaski, yaani vibanda vya chakula cha mchana vya chapati na maharagwe, huokoa mfuko wa kila mtu. Hata hivyo Nairobi hailii barabarani kwa raha. Watu wake hula haraka na kuondoka.

Dar hula nje, tena kwa muda mrefu. Asubuhi ni supu na chapati, au vitumbua na chai ya tangawizi. Mchana ni wali wa nazi, maharage, mchicha na samaki wa mama ntilie. Ikifika saa kumi na mbili jioni mitaa yote huanza kunuka moshi wa mishikaki. Katikati ya mji, kuanzia Kisutu hadi mitaa inayokutana na barabara ya Morogoro, kuna wachomaji wa kuku wenye asili ya Kihindi ambao mchanganyiko wao wa pilipili, ndimu na ukwaju haupatikani penginepo, na huliwa kwenye meza za plastiki zilizopangwa hadi barabarani. Chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege, ni chakula cha saa tano usiku na kina heshima yake. Kwa wasiokatazwa na dini kuna kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, inayoagizwa kwa kilo, kavu au rosti, pamoja na ndizi za kukaanga. Ukipita mahali ambapo watu wamesimama wakinywa kitu kwenye vikombe vidogo huku wakitafuna vipande vilivyotundikwa njiti, hiyo ni supu ya pweza, na utani wa wanaume juu ya faida zake utausikia bila kuuliza.

Nairobi hujivunia kahawa yake, na migahawa yake ya kahawa ni mizuri kweli. Lakini mzee wa Dar anayetembea na dele lake la shaba juu ya makaa, akigongagonga vikombe vya kaure ili mjue anapita, na kashata za njugu ndani ya kikapu, anakupa kahawa chungu pamoja na mazungumzo ya kijiweni kuhusu Simba na Yanga, na kikombe chake kinagharimu kiasi kidogo mno kuliko cha mgahawani Nairobi. Vilabu hivyo viwili, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936, vyote vimezaliwa Kariakoo, na kama siku zako nne zitaangukia siku ya mechi yao, panga mambo yako yote kuizunguka mechi hiyo.

Jambo moja la Dar halipo kwenye matangazo: mwezi wa Ramadhani mji hubadilika. Mama lishe wengi hawafungui mchana, na mgeni asiyefunga hutafuta chakula kwa shida kidogo katika baadhi ya mitaa. Lakini ikishaadhiniwa magharibi, futari ya uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi na kachori hufanya usiku wa mwezi huo kuwa bora kuliko usiku wa kawaida.

Usiku

Nairobi hukesha kwa nguvu. Westlands, Kilimani, barabara ya Ngong na vilabu vikubwa vya barabara ya Thika huwa vimejaa usiku wa Ijumaa kiasi kwamba saa tisa usiku kuna msongamano wa magari, na muziki hubadilika kila mlango: amapiano huku, gengetone kule, rumba ya Kongo kwa wenye umri wangu, mugithi ya gitaa moja kwa wanaotaka kuimba pamoja kwa Kikuyu hadi sauti zikauke. Hata safari ya kwenda huko ni sehemu ya starehe, kwa sababu matatu za Nairobi, hasa zile ziitwazo nganya za njia ya Rongai, zimechorwa ubavu mzima, zina taa za rangi na spika zinazotikisa kiti, na konda huning'inia mlangoni kama anayecheza sarakasi. Kwa sheria ya pombe ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho, baa za kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hiyo usitarajie mchana wa bia Jumatano. Mavazi nayo hutazamwa, na niliwahi kurudishwa mlangoni Westlands kwa sababu ya makubazi niliyoyanunua kwa bei kubwa Lamu. Mlinzi hakutaka kusikia habari ya bei.

Dar haikeshi kwa kelele za namna hiyo, ingawa Masaki, Mikocheni na Sinza zina kumbi za kutosha kwa anayetaka disko. Nguvu ya Dar ni muziki wa bendi unaopigwa mbele ya macho. Msondo Ngoma, ambayo asili yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Sikinde, yaani Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ni majina ambayo wapenzi wao wamegawanyika kama wa mpira, na ukumbi wa dansi una adabu zake: watu wazima waliovaa vizuri, meza zenye chupa, safu ya tarumbeta, na mwimbaji anayewataja waliokuja kwa majina ili wamtunze. Taarabu ya kisasa hujaza kumbi kwa akina mama ambao hupanda kutunza na vijembe vyao vinamfikia mlengwa aliyekaa meza ya tatu. Na kwa vijana wenye pumzi kuna singeli, muziki uliozaliwa Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, wenye kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika, ambao nimejaribu kuucheza mara moja tu.

Nairobi nayo ilikuwa mji wa bendi zamani, tena kwa mchango wetu: ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Tanga, ndio walioanzisha Simba Wanyika, bendi iliyovuma Nairobi miaka ya 1970. Siku hizi anayetaka gitaa la aina ile ana nafasi kubwa zaidi ya kulipata Dar.

Uamuzi wangu hapa ni huu: chini ya miaka 35 na ukiwa na marafiki, usiku wa Nairobi, ukiwa na mke, mume, shangazi au mjomba, usiku wa Dar.

Bahari

Nairobi haina maji ya kuogelea, na hilo peke yake huwaamulia wengi. Kutoka Msasani boti huvuka kwenda kisiwa cha Bongoyo kwa muda wa kama nusu saa, na kutoka Kunduchi huenda Mbudya. Vyote viwili ni hifadhi za bahari, mchanga wake ni mweupe, na samaki huagizwa mara tu unapofika ili awe tayari baada ya kuogelea. Coco Beach, Oysterbay, ni ya jioni: mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili, madafu, na umati wa watu Jumapili. Uliza kwanza saa za maji kujaa na kupwa, kwa kuwa yakipwa pale panabaki miamba na mabwawa ya kaa, na mgeni husimama na taulo lake begani akiitazama bahari iliyoondoka. Kwa mwenye siku ya tano, boti ya kasi kwenda Unguja huchukua takriban saa mbili.

Njiani na mfukoni

Miji yote miwili ina foleni za kuchosha, na zote zimejaribu dawa. Nairobi ilifungua mwaka 2022 barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, ambayo humtoa mtu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi Westlands kabla hajamaliza simu ya kuwaambia nyumbani amefika. Dar ilianzisha mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, yenye njia yake katika barabara ya Morogoro, ila asubuhi na jioni hujaa hadi mlango hukataa kufunga. Kwa safari fupi Dar ina bajaji, ambazo kwa mgeni wa siku nne ni bora kuliko gari. Magari ya kuitwa kwa programu ya simu yapo kote.

Fedha huwachanganya watu. Shilingi moja ya Kenya huwa jirani na 20 za Tanzania, kwa hiyo anayetoka Dar huona bei za Nairobi ni ndogo hadi azidishe, kisha hushtuka. Kwa malazi, nyama na kiingilio cha vivutio, Nairobi ni ghali zaidi. Jifunze pia majina: buku la Dar ni 1,000 na jero ni 500, ilhali Nairobi thao ni 1,000, soo ni 100 na mbao ni 20. Na Dar usiseme "nipe chai". Sema "naomba", la sivyo chai itakuja na uso uliokunjwa. Nairobi ukisema "naomba" watajua umetoka Tanzania, na mara nyingi utahudumiwa kwa tabasamu.

Simu isikae mkononi dirishani kwenye foleni za Nairobi, na mkoba usining'inie upande wa barabara unapotembea Dar, kwa kuwa wezi wa pikipiki hupenda mikanda mirefu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, iache ulikotoka.

Basi, mdogo wangu

Anayetoka mahali pa baridi, awe anatoka Limuru, Njombe au London, sisiti kumwelekeza Dar, na nitamwambia afike Alhamisi ili apate Ijumaa ya dansi, Jumamosi ya Mbudya na Jumapili ya Coco Beach, asipange kitu kingine. Mwenye watoto wadogo aende Nairobi, maana twiga na tembo watamalizia kazi ya kuwaburudisha. Mwenye siku mbili tu aende Nairobi pia, kwa kuwa hifadhi na nyama choma huingia katika siku moja, wakati Dar ukiikimbilia haikupi kitu.

Yeye anatoka Muscat, ambako Julai joto huvuka nyuzi 40 na bahari ipo mlangoni. Samaki na pwani anavyo mwaka mzima, na Tanga atavikuta tena. Nimemwambia ashukie Nairobi Jumatano usiku, Alhamisi saa kumi na mbili awe langoni Lang'ata, Ijumaa ale Eastleigh mchana na akeshe Westlands akiwa na viatu vya kufunga, Jumamosi apumzike hadi mchana na aende Kariokor, kisha Jumapili apande treni ya SGR hadi Mombasa na kuvuka kwa gari Lungalunga na Horohoro hadi Tanga, ambako mama atamngoja na samaki wa kupaka. Amekata tiketi. Nimemsisitizia abebe sweta, naye anaamini ninamtania.